Goti limekataa, mchezo haujakataa

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Pasiansi hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma: daktari amekukataza kuruka, nawe unauliza, "Baba, nikiacha kushindana, jimnastiki ndiyo basi?"

Siyo basi, mama. Mtazame Nellie Kim, mwanajimnastiki wa Umoja wa Kisovieti. Alikulia Chimkent, mji wa pembeni huko Kazakhstan, mbali na Moscow. Olimpiki ya Montreal 1976 alitwaa dhahabu tatu, mwaka 1980 akaongeza mbili. Alipostaafu alifundisha timu za taifa za nchi mbalimbali, akawa mwamuzi, kisha akaongoza kamati ya ufundi ya wanawake ya shirikisho la kimataifa, FIG, na baadaye akawa makamu wa rais. Alama ya 10 kamili, ambayo yeye mwenyewe aliipata Montreal, ilifutwa kama kikomo cha alama za mchezo mwaka 2006, yeye akiwa anaongoza kamati ile ya ufundi.

Ila wewe ningependa uanze na kazi ya mwamuzi, ukocha ufuate. Najua wengi huanzia kwenye ukocha. Juzi ufukweni vijana walikuwa wanapiga sarakasi mchangani. Mmoja alijirusha kinyumenyume, akapaa kwelikweli, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa naangalia miguu: magoti yameachana hewani, kisigino cha kushoto kimetangulia kugusa chini, halafu akayumba na kupiga hatua ndefu nyuma. Mwamuzi huyaona yote hayo. Alama ya utekelezaji huanzia 10, naye hukata 0.10 kwa kosa dogo, 0.30 kwa la kati, 0.50 kwa kubwa, na anayeanguka anapoteza 1.00 nzima. Ugumu wa mchezo unahesabiwa kando. Kocha asiyeyajua makato hayo atamfundisha mtoto kupaa tu, na alama zote zitaishia kwenye kutua. Wewe goti lako linajua kutua vibaya kunagharimu nini, kwa hiyo jicho unalo tayari.

Uongozi usiuharakishie, lakini usiudharau. Boriti ya mita 5, ile ya kuchezea kwa kusawazisha mwili, na magodoro ya kutulia hayaji mpaka mtu ofisini ayapigie hesabu na kuyatetea kwenye bajeti, na mtu huyo mara nyingi hajawahi kupanda boriti.

Chuo cha Michezo Malya kiko hapa hapa mkoani kwetu Mwanza, wilayani Kwimba. Ukipata likizo njoo twende wote tukaulize. Nauli juu yangu. Mama yako anataka kujua kama lile goti bado linavimba usiku.

Baba yako