Umri wa arobaini na kitu: maswali ya uzazi wa mpango

Shikamoo mama. Nina miaka 47, niko Tabata. Hedhi inaruka miezi mitatu, inarudi. Baba watoto anasema tuachane na kondomu. Kweli?

Marahaba. Mwambie bado. Hedhi kuruka siyo kukoma, yai linaweza kutoka mwezi usioutarajia. Kabla ya miaka 50, hesabu miaka 2 kamili bila kuona damu, ukishavuka 50, mwaka 1. Ikirudi hata matone, hesabu inaanza upya. Nimepokea kliniki akina mama waliodhani ni ukomo, kumbe mimba ya miezi mitano, na binti mkubwa naye ana yake.

Nimetumia vidonge vya majira tangu ujana. Sasa nina 42 na presha, nesi kaninyima. Nimekosa nini?

Hujakosa kitu, kakulinda. Vidonge vya kawaida vina homoni iitwayo estrojeni, na estrojeni ikikutana na presha, hatari ya kiharusi inapanda. Anayevuta sigara akiwa amepita 35 naye haviwezi. Omba kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, kitanzi au vidonge vya homoni moja, visivyo na estrojeni. Kituo cha serikali huduma hii ni bure.

Nachoma sindano ya miezi mitatu. Nina 46, mwaka wa pili sioni siku zangu. Nimekoma?

Huwezi kujua, maana sindano yenyewe inakata hedhi. Usiiache kwa kubahatisha. Ila ikitumika muda mrefu inapunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo ukikaribia 50 badili njia.

Shoga yangu anasema kitanzi kinapanda mpaka moyoni. Naogopa.

Hili nimelisikia Mbagala, nimelisikia Kigamboni, halichoki! Kitanzi ni kijiplastiki chenye umbo la T kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi, na kijiuzi chake unaweza kukigusa kwa kidole. Mara chache sana hutoboa mfuko, hasa wakati wa kuwekwa, ndiyo maana unaitwa kuangaliwa baada ya wiki chache. Njia ya kwenda moyoni haipo. Kikiwekwa ukiwa na 40 au zaidi, kinaweza kukaa mpaka hedhi ikome.

Lakini sikusukumi. Shaba huongeza damu na maumivu, na umri huu wengi tayari wanaloanisha pedi mbilimbili, wengine wana uvimbe kwenye kizazi. Kama ndiyo wewe, sema hivyo mbele ya nesi. "Sitaki damu nyingi" ni sababu tosha ya kuchagua kijiti au kitanzi cha homoni, huhitaji kuomba radhi.

Watoto watano wananitosha. Nifunge kizazi?

Ukiwa na uhakika, funga. Ila muulize na mwenzio: kufunga kwa mwanaume ni kazi ndogo zaidi, hakatwi tumbo, na nguvu zake zinabaki palepale. Atumie kondomu miezi 3 ya mwanzo, kisha apimwe mbegu.