Mwanangu, daftari la gari liko wapi?

Mwanangu Halima,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama utoe shilingi milioni 2 na nusu ubadilishe giaboksi ya gari lako, ambayo imeanza kuteleza, au uliuze kama lilivyo na kuongeza akiba yako ununue jingine. Najua umeniuliza mimi kwa sababu nimekula mshahara wa ukarani wa hesabu mpaka nikastaafu. Lakini hesabu haiwezi kuanza, kwa sababu lipo jambo ambalo sikuliona katika barua yako yote: ni nani aliyesema kwamba giaboksi imekufa, naye amelijuaje hilo? Alifungua akaona, au alilizungusha gari mtaani mara moja akarudi na bei?

Nimewaambieni tangu mkiwa wadogo kwamba gari lisilo na daftari la matengenezo halina msemaji ila fundi. Kaka zako walikuwa wakiona ni maneno ya mama tu, lakini wewe uliyaona mambo ya ile Peugeot 504 ya marehemu baba yenu, na ulikuwa umeshafika umri wa kukumbuka.

Unakumbuka lilivyochemka mlimani, tulipokuwa tukitoka Mombo kwenda Lushoto kwa bibi yenu, tukarudi Tanga kwa kusimamasimama na kuongeza maji. Kesho yake baba yenu alilipeleka kwa fundi mmoja hapa Ngamiani, nami nikafuatana naye na daftari langu mkononi. Fundi yule alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha bila hata kukitazama vizuri, kisha akasema injini imekwisha na inatakiwa nyingine. Mimi nilikitazama. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida. Haikuwa na ile rangi ya chai ya maziwa inayoonekana maji yanapoingia ndani yake. Katika daftari ilikuwa imeandikwa kwamba themostati, kile kidude kinachodhibiti joto la maji ya injini, ilitolewa na fundi wa kwanza kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, kwamba rejeta haikuwahi kuzibuliwa tangu tulinunue, na kwamba muda wote huo lilikuwa likijazwa maji ya kisima, nayo maji ya visima vya pwani yetu wajua yalivyo na chumvi. Nilipofungua kifuniko cha rejeta na kutia kidole changu, kilitoka na tope la kutu.

Nikamwambia baba yenu kwamba hedi ya gari lile, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini na imekalia bloku ya chuma, hivyo likichemka sana kinachopinda kwanza ni hedi, na hedi iliyopinda huchongwa kwenye mashine ikabadilishwa gasketi. Spea hazikuwa taabu, kwa kuwa 504 zilikuwa zikiunganishwa Kenya, na kutoka hapa kwenda Mombasa kupitia Horohoro ni safari ya asubuhi. Hakutaka kusikia. Alikuwa amekwisha kulipia klachi na shokapu kwa mfululizo, akachoka. Akaliuza kwa kijana wa Pongwe kwa bei ambayo hadi leo sipendi kuiandika.

Kijana yule alizibua rejeta, akachonga hedi, akaweka gasketi mpya. Basi. Kwa miaka mingi gari lile lilibeba abiria wa Pangani, na mimi nililiona likipita na ile taa ya nyuma uliyoivunja wewe kwa baiskeli.

Hata hivyo siwezi kusema baba yenu alikosea moja kwa moja. Fedha ile ndiyo iliyolipa ada ya kaka yako bila mkopo, na gari likishafika umri ule, ukitengeneza hedi leo kesho bushi zinadai. Huenda lingetumaliza. Nimelipima jambo hili miaka yote hii, na kila ninapokubali kwamba kuuza kulikuwa na faida yake, naghadhibika upya kwamba liliuzwa kwa neno la mtu ambaye hakulegeza hata boliti moja.

Sasa hilo lako. Uliniambia Iddi iliyopita kwamba ulilifanyia sevisi njiani Morogoro, wakamwaga oili ya giaboksi na kuweka nyingine. Ni oili gani? Giaboksi yako ni CVT, ambayo ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na inahitaji oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya oto za kawaida mkanda huanza kuteleza, na ukiendelea hivyo vyuma husagana. Tafuta fundi mwingine afungue sampo, yaani lile bakuli la oili chini ya giaboksi, mbele yako. Kwenye sumaku zilizomo ukikuta ungaunga mwembamba wa chuma, hilo ni la kawaida, na huenda oili sahihi ikatosha. Ukikuta vipande, hapo milioni 2 na nusu ni jambo la kuzungumza, ila udai namba ya giaboksi unayouziwa ilingane na ya gari lako, na dhamana uandikiwe, usiambiwe kwa mdomo.

Na hilo gari jingine unalolitamani, kumbuka kwamba likitoka Japani hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, mbali na ushuru wa bidhaa, na yote hayo yamo ndani ya bei utakayotajiwa. Anayeuza gari bovu kwa haraka hupunjwa akiuza, kisha hubeba kodi hizo akinunua.

Ulimi unaniwasha kukuambia la kufanya, na wewe unanijua vya kutosha kulisoma hapo juu. Lakini gari ni lako, na barabara ya kwenda kazini kila siku unaipita wewe, kwa hiyo najizuia. Anza daftari leo, hata kama kumbukumbu za nyuma ni chache; andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na jina la oili. Sampo ikifunguliwa, nipigie ukiwa hapohapo gereji, kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi moja.

Mama yako