Kwa waongoza wageni wapya wa Gedi, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya: maswali madogo msiyakimbie

Wadogo zangu, tarehe mnazijua. Kaburi la mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, mnalitaja bila kukosea. Mwanaakiolojia Kirkman alianza kuyachimba magofu haya 1948, hilo nalo mmelishika. Lakini msimu huu nimetembea nyuma ya makundi yenu, na kila mtoto akiuliza watu hawa walioga wapi au usiku waliona kwa taa gani, naona mnakohoa na kuongeza mwendo. Mtoto wa darasa la tano hakupanda basi kufuata mwaka. Amekuja kujua watu wa Gedi waliishi vipi, na majibu mengi yako hapo hapo mnapokanyaga.

1. Choo. Msione haya. Nyumba za mawe zilikuwa na choo humo humo ndani, na kando yake mahali pa kuchambia kwa maji. Waonyesheni, waacheni wacheke. Kicheko kikiisha watauliza maji yalitoka wapi, na hapo umewapata. Wapeleke msikiti mkuu waone kisima, mfereji, birika, na mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo. Mmoja wao aeleze maji yalivyopita kabla wewe hujafungua kinywa.

2. Majina ya nyumba. Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri: hayo ni majina ya wachimbaji, waliyoyatoa kutokana na kitu kilichookotwa humo. Juzi nimemsikia mmoja wenu akisema Nyumba ya Mkasi ilikuwa ya fundi cherehani. Cherehani, jamani, karne ya 15! Hata ukimwita mshonaji tu, mkasi mmoja hautoshi. Kwenu kuna mkasi na hakuna anayeshona. Sema: hapa ulipatikana mkasi. Kisha waulize wao kwao mkasi unafanya kazi gani. Watakutajia kucha, nywele, kitovu cha mtoto mchanga, na nyumba itajaa watu.

3. Vyumba vyembamba. Hili linaniuma mpaka leo, kwa hiyo nivumilieni. Kila kundi litauliza mbona vyumba ni virefu na vyembamba hivi. Kwa miaka nilijibu kwamba vilikuwa vya kufungia watumwa. Nilimsikia aliyenitangulia akisema hivyo, nikaona wageni wananyamaza kwa uchungu, nikadhani jibu linalowanyamazisha watu lazima liwe la kweli. Siku moja watoto wa shule walikuwa wameshaliandika kwenye daftari zao, mzee mmoja aliyefuatana na mjukuu wake akanivuta kando. Alikuwa fundi wa nyumba za mawe, kwao Lamu.

“Mwanangu, boriti ya mkoko umewahi kuibeba?”

Nikamwambia sijawahi. Akapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta, hatua tatu ndogo, kisha akanielekeza juu, kwenye anga tupu palipokuwa na dari. Dari za nyumba hizi zilikuwa bapa. Boriti zilipangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikamwagwa na kushindiliwa mpaka ikashikana. Mzigo huo ni mzito mno. Boriti ya mkoko inaubeba ikiwa fupi, chini ya mita tatu, ukiirefusha inapinda. Kwa hiyo tajiri na jirani yake, wote walilala chumba chembamba. Mwenye mali aliongeza urefu wa chumba, aliongeza vyumba, alichonga vidaka vizuri ukutani. Upana hakuuweza.

Mzee hakunifokea. Alinieleza kama anayemfunza kijana wake, akaenda zake. Nilipogeuka, basi la watoto lilikuwa limeondoka, na jina la shule sikuwa nimeliandika. Wale watoto sasa ni watu wazima. Pengine wanawasimulia wanao gereza ambalo halikuwepo, na aliyewapa ni mimi. Utumwa ulikuwepo pwani hii, na usimuliwe penye ushahidi wake. Kuubandika kwenye kila chumba chembamba ni kuwakosea hata hao waliofungwa kweli. Nikimsikia mmoja wenu akilirudia jibu lile, nitamkatiza mbele ya wageni wake, na nisamehewe mapema.

4. Nani alijenga? Msiseme “Waarabu” mkapita. Wachimbaji wa mwanzo walifikiri hivyo. Lakini kule Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, mahali pale pale. Mji ulikua pale pale ulipoota. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 nao ulipima mifupa kutoka makaburi ya miji ya pwani, ukakuta wengi asili yao upande wa kike ni Afrika, na upande wa kiume ni Asia, hasa Uajemi. Mgeni akitaka jibu la neno moja, mwambie: Waswahili. Akitaka refu, kaeni kivulini.

5. Kwa nini walihama? Tajeni maji ya visima kushuka, tajeni vita na biashara kuhamia kwingine, wala msichague sababu moja kwa kuwa inasisimua.

6. Ndizi zifichwe kwenye mkoba kabla ya kupita lango. Kima wa Gedi hawana subira, na mtoto aliyenyang'anywa ndizi hasikii tena habari ya kisima.

Jumamosi hakuna kundi la asubuhi. Atakayependa tuzunguke vyumba pamoja anikute kwenye kisima cha msikiti mkuu kabla jua halijapanda, na aje na futi ya fundi. Tutapima vyumba vyote vya kasri, upana kwanza.