Kabla Hujautundika Mchoro wa Kale wa Rangi za Maji

Miaka kadhaa iliyopita, katika soko moja la vitu vya kale hapa Uingereza, nilinunua mchoro wa rangi za maji wa karne ya 19, wenye wazee watatu waliozunguka meza wakikagua hati za kale, mmoja wao akiwa amevaa joho jekundu. Picha za namna hiyo zilipendwa sana wakati ule. George Cattermole, aliyefariki mwaka 1868, alijipatia sifa kwa kuchora watu waliovaa mavazi ya enzi zilizopita.

Niliutundika mkabala na dirisha, na kosa hilo halina marekebisho. Fundi wa kuhifadhi michoro alipofungua fremu, ukanda mwembamba uliokuwa umefichwa na kadibodi ya pembeni ulionyesha joho likiwa na wekundu wa komamanga, ilhali sehemu iliyokaa wazi ilikuwa imepauka. Nyekundu iliyotokana na wadudu na buluu ya mmea wa nili hufifia upesi zikipigwa na mwanga, jambo ambalo wanasayansi Russell na Abney walilithibitisha katika ripoti yao ya mwaka 1888. Kwa hiyo chagua ukuta usiofikiwa na jua, ikiwezekana wa ujia usio na dirisha. Makumbusho mengi hayazidishi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa michoro ya aina hii, na hata hivyo huipumzisha gizani kwa vipindi virefu, kwa kuwa kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga isiyoonekana kwa macho, hupunguza madhara tu.

Kadibodi nayo ikaguliwe, kwani ile ya bei nafuu ina asidi inayoacha mstari wa kahawia kuzunguka picha.

Lakini ninalokusihi zaidi ni kutousafisha mwenyewe. Chukua kioo cha kukuzia, uzitazame zile hati zilizo mezani: katika mchoro wangu hazikupakwa rangi yoyote, bali mchoraji aliiacha karatasi yenyewe wazi ili weupe wake uwe mwanga unaoziangukia. Karatasi imegeuka manjano, na hati zimezeeka pamoja nayo. Muuzaji mmoja alinishauri niifute kwa dawa ya kung'arishia. Nilikataa, kwa sababu dawa hiyo ingeupata pia uso wa mzee aliyeinama juu ya hati, ambao umepakwa tabaka jepesi mno la rangi.