Miezi minne ya magoti, siku 52 za mawe

Siku niliyoingizwa kazini kuwa mzee wa kanisa, kwaya iliimba, mchungaji akatuombea, nikarudi nyumbani kifua mbele. Wiki ya tatu nikakabidhiwa ufunguo wa stoo na uenyekiti wa kamati ya ujenzi. Stoo ilikuwa na mifuko saba ya saruji iliyoganda. Kamati nayo ilikuwa imeganda. Boma liliishia kwenye lenta, nyasi zinaota ndani, na kaunta buku la ahadi limejaa majina ya watu waliokwisha kuacha kuja ibadani.

Nikaanza maombi ya Jumatano alfajiri. Niliomba kwa sauti, na nilikuwa na maneno: "Bwana, iguse mioyo migumu! Wakumbushe waliokuahidi wakasahau!" Ukweli ni kwamba nilikuwa nawasema washarika huku nimefumba macho. Viongozi wengi tuna ugonjwa huu. Tunamtaja Bwana, lakini mlengwa ni mama aliyekaa benchi la nyuma.

Kilichonishika shati ni Nehemia, yule wa kwenye Biblia aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Alipata habari za kubomoka kwa ukuta huo mwezi wa Kisleu wa kalenda ya Kiyahudi, na hakuzungumza na mfalme wa Uajemi, aliyekuwa akimtumikia, mpaka mwezi wa Nisani. Miezi kama minne hivi ya kulia, kufunga na kuomba, naye kila siku yupo kazini anashika kikombe cha mfalme. Ukuta wenyewe ulichukua siku 52. Soma sala yake ya sura ya kwanza uone anaanzia wapi: anakiri dhambi za Israeli, kisha anajitia na yeye humo, pamoja na nyumba ya baba yake.

Nikafungua kaunta buku. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili. Niliahidi bati kumi, nimetoa nne.

Sikumwambia mtu. Nilimaliza deni langu kwanza, kwa shida, maana ulikuwa msimu wa ada. Kisha Jumatano nikaacha kuomba kwa jumla jumla, nikaanza kuomba jina moja moja: huyu anaumwa mgongo, huyu kijana wake kasimamishwa kazi. Hapo ndipo aibu iliponikamata, kwa sababu majina mengi sikuwa na la kusema. Sikujua habari zao. Mtu usiyejua habari zake utamwombea nini zaidi ya pesa zake?

Basi nikaanza kuwatembelea, daftari nimeliacha nyumbani. Mzee mmoja alinipokea amekaa barazani, anachambua maharage.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefuata bati?"

Nikamwambia nimekuja kumjulia hali. Hakuamini, na nisingemlaumu. Alifiwa na mkewe, na katika wazee wa kanisa hakuna aliyerudi pale baada ya matanga. Nilikwenda mara nne kabla hajanikaribisha ndani. Mara ya tatu hakutoka kabisa. Alimtuma mjukuu aseme amelala, nami nilimsikia akikohoa.

Nikiulizwa na kiongozi mpya, huo ndio uvumilivu ninaomshauri: kurudi kwenye mlango uliofungiwa usoni, bila kwenda kuusimulia kanisani. Na asiogope kuchanganya maombi na kazi. Sanbalati na wenzake, maadui wa ujenzi ule, walipopanga kuushambulia mji, Nehemia na watu wake walimwomba Mungu na wakaweka walinzi usiku na mchana. Sisi tuliomba, halafu tukahamisha saruji mpya kwenye stoo isiyovuja.

Jambo jingine dogo: maadui hao walimwita Nehemia mara nne akakutane nao nchi tambarare ya Ono, naye mara zote nne akawapa jibu lile lile, kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Ono yangu mimi ni kundi la WhatsApp la mtaa. Yupo mtu anayeuliza kila mwezi pesa zimekwenda wapi. Nambandikia taarifa ya mhasibu, ile ile, halafu naweka simu mfukoni. Zamani nilikuwa nabishana mpaka saa sita usiku, asubuhi nikashindwa kuamka kuomba.

Bati zimefika nusu ya jengo. Upande wa kwaya bado uko wazi, mvua ikinyesha wanahamia kwetu na ngoma zao. Jumatano tunakuwa sita, saba tukijitahidi. Ufunguo wa stoo anao yule mzee, na siku hizi nikichelewa ndiye anayenipigia simu.