Kabla Hujaandika "Afrika Yasema": Kwa Wageni wa Dawati la Kimataifa

Usiku wa Machi 2, 2022 niliandika kichwa cha habari ambacho hadi leo kikitajwa humu ndani naangalia dirishani kama sijasikia. "Afrika yakataa kuilaani Urusi." Matokeo ya kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia kutoka New York: nchi 141 zimeunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine, 5 zimepinga, 35 zimejizuia kupiga kura. Nikaona jirani zetu kwenye orodha ya waliojizuia, Tanzania, Uganda, Burundi, Sudan Kusini. Taarifa ya habari ilikuwa imebakiza dakika chache. Nikajumlisha bara zima. Ikasomwa hewani.

Asubuhi mhariri wangu, mama mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliniachia karatasi mezani yenye hesabu ya kalamu nyekundu. Afrika 54. Ndiyo 28. Hapana 1. Waliojizuia 17. Hawakuonekana 8. Chini yake aliandika maneno mawili: "Nani amekataa?"

Aliyekataa ni Eritrea peke yake. Zaidi ya nusu ya bara, Kenya yetu ikiwemo, pamoja na Rwanda, Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuwa wamesema ndiyo. Yaani mimi nilikaa Nairobi, nikaipotosha hata kura ya Nairobi.

Nawaandikia ninyi mlioingia juzi kwa sababu uvamizi mwingine utatokea mkiwa zamu, na hamtapewa muda wa kufikiri. Fikirini sasa.

Orodha ya kura ije kwanza, hotuba zifuate. Tena orodha yenyewe muisome safu kwa safu. Vijana wengi wakija hapa hutafsiri kujizuia kupiga kura kuwa "kususia". Hapana. Anayejizuia yupo ukumbini, kiti chake kina mtu, na anataka ionekane kwamba yupo na hajasema kitu. Asiyeonekana ni jambo jingine kabisa. Siku ile Ethiopia haikuonekana, nayo ilikuwa na vita vyake vya Tigray. Morocco haikuonekana, kisha ikatoa taarifa kwamba kutokuwepo kwake kusitafsiriwe vibaya. Morocco ina suala la Sahara Magharibi, eneo inalolishikilia, kwa hiyo neno "kukalia ardhi ya wengine" linawasha mdomoni. Mkiwatia wote kapu moja mmeua habari tatu.

Kisha kuna ukumbi wa pili, Baraza la Usalama, ambako wakubwa watano, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, wana kura ya turufu. Neno lenyewe tumelitoa kwenye karata na linafaa sana: haijalishi mkononi una nini, mwenye turufu anakula. Februari 25, 2022, siku moja baada ya majeshi kuvuka mpaka, nchi 11 ziliunga mkono azimio dhidi ya Urusi, zikiwemo Kenya, Ghana na Gabon. China, India na Umoja wa Falme za Kiarabu zikajizuia. Urusi ikapinga na azimio likafa hapo hapo. Na mwezi ule mwenyekiti wa Baraza alikuwa nani? Urusi. Mshtakiwa ndiye aliyekuwa anaongoza kikao. Ndiyo sababu suala likapelekwa Baraza Kuu, ambako hakuna turufu, lakini pia hakuna wa kulazimisha mtu kutii.

Msidhani huo ni mchezo wa Moscow pekee. Oktoba 1983 Marekani iliivamia Grenada, kisiwa ambacho watu wake wote hawafikii wakazi wa mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi. Baraza la Usalama likapiga kura 11 za kulaumu, Marekani ikatumia turufu yake. Baraza Kuu likalaumu kwa kura 108 dhidi ya 9. Rais Reagan alipoulizwa kuhusu nchi hizo zaidi ya mia, alijibu kwamba hazikumharibia kifungua kinywa. Hiyo kaeni nayo. Mkubwa anapovamia, jibu la dunia kwake ni kero ya asubuhi. Mkubwa huyo huyo akivamiwa rafiki yake, atawapigia simu ninyi maskini wote usiku kucha akiwaeleza utakatifu wa mipaka.

Wala wakubwa hawakai mahali pamoja. Februari 24, 2025, miaka 3 kamili tangu vita kuanza, Ukraine na Ulaya zilipeleka azimio jingine Baraza Kuu. Likapita kwa kura 93 dhidi ya 18, na 65 zikajizuia. Miongoni mwa zile 18 ilikuwemo Marekani, upande mmoja na Urusi. Mwenzenu mmoja wa zamu alinipigia simu akidhani wakala wa habari wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Lakini kwamba alipiga simu kwanza kabla ya kuandika, kwa hilo nilimnunulia chai.

Sasa tuje kwa wanyonge, maana hapo ndipo tunapoandika vibaya zaidi. Kuna methali ya tembo na nyasi ambayo sitaitaja. Nimeipiga marufuku dawatini. Inamfanya kila mwandishi ajione amemaliza kazi. Nyasi hazina kumbukumbu, hazina deni, hazina uchaguzi mwakani. Nchi maskini zina vyote hivyo, na ndivyo vinavyopiga kura.

Anzeni na kumbukumbu. Martin Kimani, wakati huo balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, alipozungumza Baraza la Usalama usiku wa Februari 21, 2022, Urusi ilipokuwa imetambua maeneo ya Ukraine ya Donetsk na Luhansk kuwa nchi huru, alikumbusha kwamba mipaka yetu hatukuichora sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon, na kwamba tuliamua kuishi nayo badala ya kumwaga damu tukiifukuzia ya zamani. Nairobi nzima ilituma kipande hicho kwenye simu. Sehemu ya mwisho watu waliikata: alisema pia kwamba mataifa mengine yenye nguvu, hata ya humo humo Barazani, yamekuwa yakivunja sheria za kimataifa bila kujali. Nimesikiliza watangazaji wetu wakiinukuu hotuba ile mara nyingi, na karibu kila mara nusu ya pili haimo. Mkimnukuu mtu, msimkate kiuno.

Kauli ile ya Kenya ina mizizi. Mwaka 1964 mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Somalia na Morocco ndizo zilizokataa. Kenya wakati huo ilikuwa na vita vya kaskazini mashariki mlangoni mwake, dhidi ya Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, na miaka 13 baadaye Somalia ilipoingia Ogaden, eneo la Ethiopia, Nairobi ilisimama na Addis Ababa. Kwa hiyo Kimani alipotetea mpaka wa Ukraine, alikuwa anatetea Mandera yetu, mpakani na Somalia.

Kumbukumbu ya Dar es Salaam ni nyingine. Mwaka 1978 Idi Amin aliteka eneo la Kagera, na Mwalimu Nyerere akawaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga wanao, sababu wanayo, nia wanayo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani mvamizi. Ulitaka pande mbili zisuluhishwe. Tanzania ikapigana, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na katika mkutano wa Monrovia mwaka huo ni Tanzania iliyonyooshewa kidole. Mtu angetarajia nchi iliyoonja hayo iwe ya kwanza kulaani uvamizi wa Ukraine. Lakini Dar ilikuwa pia makao ya Kamati ya Ukombozi ya umoja huo, na silaha za wapigania uhuru zilitoka Moscow na Peking, si Washington. Tazama tena wale 17 waliojizuia: Angola, Msumbiji, Namibia, Zimbabwe, Afrika Kusini, Tanzania. Hiyo ni ramani ya vita vya ukombozi. Kuandika kwamba "walinunuliwa" ni uvivu.

Si kwamba kununua hakupo. Novemba 1990, Baraza la Usalama lilipopiga kura kuruhusu nguvu itumike kuitoa Iraq Kuwait, Yemen ilikataa pamoja na Cuba. Mwanadiplomasia wa Marekani akamwambia balozi wa Yemen kwamba hiyo itakuwa kura ghali kuliko zote walizowahi kupiga. Msaada wa Marekani ukakatwa, na kwa msimamo huo wa nchi yao Wayemeni mamia ya maelfu walikuwa tayari wamepoteza kazi zao Saudi Arabia. Misri, iliyopeleka wanajeshi upande ule mwingine, ilisamehewa deni la kijeshi la takriban dola bilioni 7. Na mwaka 2003, Marekani na Uingereza zilipokuwa zinatafuta kura za kuivamia Iraq, viti vya Afrika vilikuwa vya Angola, Cameroon na Guinea. Waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Dominique de Villepin, alizizunguka zote tatu mwezi Machi kuwaomba wakatae. Kura yenyewe haikupigwa. Vita vilianza bila hiyo. Napenda kisa hiki kwa sababu kwa wiki kadhaa wanyonge walibembelezwa na kila upande.

Halafu tumbo. Mwaka 2022 mama anayeniuzia chai na chapati karibu na kazini hakuwahi kutamka neno Ukraine. Ila chapati ilipungua upana kabla bei haijapanda, na unga wa ngano ukawa mada ya kila asubuhi. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, hadi serikali ilipoweka ruzuku ukashuka kuwa 3,500. Urusi ilipojitoa Julai 2023 katika mkataba wa Bahari Nyeusi, ulioruhusu nafaka ya Ukraine isafirishwe, katibu wa wizara yetu ya mambo ya nje, Korir Sing'oei, aliita hatua hiyo kuchomwa kisu mgongoni. Wiki chache kabla ya hapo Sergei Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alikuwa mgeni Nairobi. Someni hayo mawili pamoja. Nchi inaweza kulaani, ikampokea mlaaniwa kwa chai, kisha ikalalamika, yote kwa mwaka mmoja, na asiwepo mwendawazimu yeyote ndani yake.

Mkisoma taarifa za wizara, pimeni vitenzi. "Tunafuatilia kwa makini" maana yake bado hawajaamua. "Tuna wasiwasi" ni hatua moja juu. "Tunasikitishwa" ni mbili. "Tunalaani" ni kileleni, na hapo tazameni nani amelaaniwa kwa jina. Neno la kulichunga zaidi ya yote ni "pande zote". Anayetoa wito kwa pande zote mara nyingi hataki kumtaja aliyevuka. Umoja wa Afrika, siku ile ile ya Februari 24, 2022, uliitaja Urusi waziwazi na kuitaka iheshimu mamlaka ya Ukraine. Wengi tuliikosa kwa kuwa tulitegemea usingetaja. Linganisheni na nyumbani. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 wanaoungwa mkono na Rwanda, Januari 2025, wakuu wa Afrika Mashariki na wa Kusini walikutana Dar es Salaam Februari 8, wakataka mapigano yasitishwe, wakawapa wakuu wa majeshi siku 5 wakutane. Rwanda haikuitwa mvamizi. Siku 13 baadaye Baraza la Usalama, kwa kura zote, likayataka majeshi ya Rwanda yaondoke Kongo. Ujirani hulainisha vitenzi. Nchi iliyo mbali haina lori linalosubiri kuvuka mpakani.

Nimalizie na maneno yetu wenyewe. Moscow ilisema ni "operesheni maalumu ya kijeshi". Sisi tukaamua kuandika "uvamizi", na nilijivunia uamuzi huo. Siku moja katika kipindi cha simu msikilizaji kutoka Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, akauliza kwa upole kabisa: "Na Oktoba 2011, jeshi letu, KDF, walipovuka kuingia Somalia, ninyi mliita nini, ndugu mtangazaji?" Studio ikanyamaza. Nikajibu kwamba Al-Shabaab walikuwa wakiteka watu upande wetu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba Mogadishu ilikubali. Baada ya kipindi nikashuka kwenye maktaba ya kanda. Tuliita Operesheni Linda Nchi, kama tulivyoambiwa, kila taarifa, wiki baada ya wiki. Na kukubali kwa Mogadishu kulikuja baadaye. Wiki ya pili ya operesheni Rais wa Somalia, Sharif Sheikh Ahmed, alitangaza hadharani kwamba hataki.

Kanda hizo bado zipo, kabati la pili upande wa kushoto. Ufunguo anao mlinzi. Kila mgeni huzisikiliza wiki yake ya kwanza, kisha ananiandikia upya taarifa ya siku ile kwa maneno yake.