Maji ya Pafuni Hayavutwi kwa Sindano

SWALI: Shikamoo Sista. Kaka yangu, miaka 34, aliishi Lodwar muda mrefu akinunua mbuzi na kulala kwenye maboma ya wafugaji. Tangu arudi anakohoa na kifua cha kulia kinamuuma. Tulidhani ni kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hana. Skani ikaonyesha uvimbe wa maji pafuni, sentimita 9, na mwingine mdogo juu ya ini. Wameandika "hidatidi" na wanataka apasuliwe. Mjomba anasema huko Turkana watu huvutwa maji kwa sindano tu, hawapasuliwi. Mama analia kwamba mwanawe atakatwa pafu. Wifi naye amemtengea sahani na kikombe. Tufanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na wifi yako, maana lake ni jepesi: arudishe sahani kabatini. Tegu, yaani mnyoo bapa, anayeleta hidatidi ni wa milimita chache tu na makao yake ni utumbo wa mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, yakashika manyoya, udongo, maji na mikono. Mtu akiyameza, kiluwiluwi hupenya utumbo na kuchukuliwa na damu. Wengi hunasa kwenye ini, wanaopita hukwama mapafuni. Hapo hujenga kifuko kinachokua polepole, miaka na miaka. Kaka yako hana yai la kumpa mtu. Na paka wa Lamu msiwasingizie, hawamo katika kesi hii.

Sasa mjomba. Hakusema uongo. Njia ya sindano ipo, ilianza Tunisia miaka ya 1980, na Turkana imetumika. Lakini ni ya vifuko vya ini na vya tumboni: sindano huongozwa na altrasaundi, maji yakavutwa, ikaingizwa dawa ya kuua vimelea, kisha nayo ikavutwa. Pafuni hatufanyi hivyo. Kifuko kikivuja, maji yake huweza kumletea mgonjwa mzio mkali wa kumwangusha pale pale, na vimelea vilivyomo vikamwagika kifuani, kila kimoja na uwezo wa kuanza kifuko chake. Nimesimama thieta miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Malindi, na sijaona daktari mpasuaji anayelishika jambo hili kwa mzaha.

Mama afute machozi. Chukua mfano wa dafu. Makumbi ya nje yametengenezwa na mwili wa kaka yako mwenyewe. Cha mdudu ni utando wa ndani na maji yake. Daktari huja kutoa hayo ya ndani, na pafu linabaki. Kipande cha pafu hukatwa pale tu ambapo kimeharibika kabisa.

Atalazwa kwa nusukaputi, na mara nyingi hutumika mpira wa njia mbili kooni ili pafu zima lisiingiwe na maji ya pafu bovu. Kifua hufunguliwa kati ya mbavu. Kabla kifuko hakijaguswa, pembeni pote huzungushiwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, vya kuua chochote kitakachochuruzika. Maji hufyonzwa, utando ukatolewa. Halafu ndiyo kazi inayokula muda: kusaka vijitundu vya njia za hewa vilivyofunguka ndani ya lile shimo. Daktari wa usingizi hujaza pafu hewa, mpasuaji humwaga maji safi, na panapotoka mapovu ndipo panapotiwa uzi. Tundu moja likisahaulika, hewa huvuja na mgonjwa hukaa wodini na mpira wa kifuani na chupa yake siku nyingi. Wakishamwondolea, asione uvivu mazoezi ya kuvuta pumzi, hata kama mshono unauma.

Kwa kuwa pafu ni la kulia na ini liko chini yake tu, waulizeni kama vyote viwili vitatolewa kwa mpasuko mmoja, kupitia kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Hufanyika.

Albendazoli, dawa ya minyoo, asijinunulie dukani. Kwa ini hutolewa kabla na baada, lakini kwa kifuko kikubwa cha pafu wapasuaji wengi huiweka hadi baada ya upasuaji, kwani huweza kulegeza ukuta ukapasuka. Akishaanza, apimwe damu mara kwa mara.

Wakati mnangoja rufaa, akikohoa ghafla maji mengi ya chumvi yenye vipande vya utando mweupe, au akivimba midomo, kuwashwa mwili na kukosa pumzi, msingoje kukuche. Mkimbizeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu usiku huo huo na mtaje neno hidatidi mlangoni.

Nitumieni maelezo ya skani kuhusu ule wa ini. Kama umeshakauka na kuta zake zina chokaa, huenda ukaachwa hapo hapo na kuangaliwa kwa altrasaundi tu.